Timu Yako Ikihama, Isindikize

Bibi yangu, kule Pangani, hakuwahi kumwacha mgeni aondoke peke yake. Hata kama wamekorofishana usiku kucha, asubuhi atajifunga kanga, atabeba kikapu cha mgeni, na kumsindikiza hadi kwenye mwembe wa njia panda. Nilimkumbuka sana Alhamisi ya tarehe 26 Septemba 2024, nikiwa na mwanangu kwenye daraja la waenda kwa miguu linalotoka kituo cha treni cha BART kuelekea uwanja wa Coliseum, Oakland, California. Siku hiyo Athletics, timu ya besiboli ambayo watu wa hapa huiita A's tu, ilikuwa inacheza mechi yake ya mwisho nyumbani. Ilihamia Oakland mwaka 1968 ikitoka Kansas City, ikakaa misimu 57.

Nimeishi mji huu tangu 2011, na katika muda huo nimeuona ukinyang'anywa timu zake moja baada ya nyingine. Warriors wa mpira wa kikapu walivuka ghuba wakaenda San Francisco mwaka 2019. Raiders wa futiboli ya Kimarekani wakahamia Las Vegas mwaka uliofuata. Ikabaki A's peke yake, nayo ikafungasha: kwanza West Sacramento, kwenye uwanja mdogo wa watu kama 14,000, huku ikisubiri kujengewa uwanja Las Vegas. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nayasema kwa mtu ambaye timu ya mjini kwake imetangaza kuondoka, naye hajui aende kuiaga au asusie.

Nenda.

Najua hasira ilivyo. Mimi mwenyewe nilikuwepo tarehe 13 Juni 2023, usiku ule mashabiki walipoamua kujaa uwanjani makusudi ili kuonyesha kwamba Oakland haijakosa watu. Tuliingia 27,759, wengi tukiwa na fulana za kijani zenye neno moja la kumtaka mmiliki auze timu. Tulipiga kelele hadi sauti zikakauka. Nafurahi kwamba tulifanya hivyo, na kama timu yako bado haijaondoka, nakusihi ufanye hivyo mapema, wakati maneno yanaweza bado kugeuza jambo. Ila siku ya mwisho si siku ya kudai. Ukiipeleka yote kwa mmiliki, utarudi nyumbani umemtazama yeye, ilhali uwanjani ulikuwa na mambo ya miaka hamsini na zaidi ya kutazama. Awamu ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, kuna watu walioruka uzio wakakimbia katikati ya uwanja, mchezo ukasimama. Niliwaelewa uchungu wao, lakini waliwakatisha watu waliokuwa wanaaga.

Mechi ilikuwa ya mchana, siku ya kazi na ya shule. Usiseme uongo. Mimi hutunza wazee majumbani na zamu yangu ilikuwa ya mchana. Nilimwambia msimamizi wangu wiki tatu kabla kwamba nataka siku hiyo kwa ajili ya kuaga timu na mtoto wangu, akanipangia zamu nyingine. Mwalimu wa mtoto nilimwambia hivyohivyo. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza, haikuhitajika. Watu wa mji huelewa mambo haya kuliko tunavyodhani, hasa tukiwa wageni.

Sasa nieleze kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike. Tulifika mapema kabisa, nikaona foleni ya duka la fulana na kofia. Nikajiambia tuchukue kwanza ukumbusho, mechi bado. Foleni ile ikatula karibu saa nzima. Tukiwa bado ndani yake tulisikia uwanja ukilipuka kwa vifijo, tukadhani ni wachezaji wanatoka. Kumbe Rickey Henderson na Dave Stewart walikuwa wameingia kurusha mipira ya ufunguzi. Wote wawili ni watoto wa Oakland. Rickey ndiye aliyeiba besi, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe, mara 1,406, hakuna mwingine aliyefika hapo katika ligi kuu, na uwanja wenyewe wa kuchezea ulikuwa umepewa jina lake. Mwanangu aliruka kuchungulia juu ya mabega ya watu, hakuona kitu. Nikamwambia tutamwona siku nyingine. Tarehe 20 Desemba mwaka uleule Rickey alifariki, akiwa na miaka 65. Fulana ninayo, imekunjwa kabatini. Ningeitoa hata leo nipate zile dakika tatu. Vitu vya dukani vinunue baadaye au usinunue kabisa. Ukishapita lango nenda moja kwa moja kwenye kiti chako ukae.

Kuhusu simu, sitakukataza. Piga picha chache awamu ya kwanza, kisha iweke mfukoni. Kinachosaidia zaidi, kwa uzoefu wangu, ni kuipa mikono kazi nyingine. Mimi nilikuwa na kadi ya kuandikia mchezo na penseli. Kila mlinzi wa uwanjani ana namba yake: mrushaji ni 1, mdakaji ni 2, wa besi ya kwanza ni 3, wa besi ya tatu ni 5, na kuendelea hadi 9. Kila mpigaji akitolewa, unaandika mpira ulipita kwa nani na nani. Ukiwa unaandika huwezi kusinzia wala kupotea katika huzuni, kwa sababu kila mrusho unataka jicho lako. Na baadaye unaweza kuusoma mchezo mzima, mpira kwa mpira, kama unavyosoma barua.

Aliyenifundisha kadi ile ni mzee jirani yetu, mtu wa Oakland tangu utoto. Nilipohamia mtaa wetu sikujua besiboli ni nini. Nilidhani watu wamesimama tu wakisubiri mvua. Mzee aliniketisha barazani kwake majira ya joto ya kwanza, redio ikiwa dirishani, akaniambia, "Binti, acha kuuangalia mpira. Waangalie waliosimama, uone wamesogea wapi." Ndipo mchezo ukafunguka. Alikuwa ameshuhudia timu ikitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974, na tena 1989. Alipenda kunikumbusha kwamba lile wimbi la mashabiki kusimama na kuketi, ambalo siku hizi linazunguka hata viwanja vya Afrika, liliongozwa kwanza na mshangiliaji George Henderson hapahapa Coliseum tarehe 15 Oktoba 1981. (Watu wa Seattle wanadai ni lao. Mbele ya mzee usilitaje hilo.)

Mzee hakwenda. Tangu habari za kuhama zithibitike aliapa kutotoa hata dola moja. Nilimnunulia tiketi, akanirudishia mkononi kwa adabu. Hapa pia nina ushauri: usimlazimishe. Anayesusia naye anaomboleza, na huenda anaumia kuliko wewe. Nilimwambia nitamwandikia kila kitu. Akanipa penseli yake mwenyewe, fupi, imetafunwa kichwani.

Ukienda na mtoto, jiandae kwa swali. La kwangu lilikuja awamu ya sita, ngoma za upande wa kulia zikidunda, zilezile ambazo mashabiki wamekuwa wakizipiga miaka mingi. "Mama, tukipiga kelele sana, watabaki?" Ana miaka kumi. Nilitamani kusema labda. Nikamwambia hapana mwanangu, hawatabaki, hizi kelele ni za kuwashukuru wachezaji, na wao pia hawakupenda kuondoka. Alinyamaza kidogo, kisha akapiga kelele zaidi kuliko mwanzo. Mtoto akiambiwa ukweli mapema hupata nafasi ya kulia akiwa na watu, si kitandani peke yake.

Tulikuwa 46,889. Ule ukuta mkubwa wa viti walioujenga miaka ya tisini kwa ajili ya Raiders, uliofunika vilima vya Oakland, ambao siku nyingi ulikuwa mtupu na umefunikwa maturubai, siku ile nilisahau kuuchukia. A's walikuwa wanaongoza 3 kwa 2 dhidi ya Texas Rangers. Awamu ya tisa akapanda Mason Miller, kijana anayerusha mpira kwa kasi inayozidi kilomita 160 kwa saa. Watu wote walisimama. Mpigaji wa mwisho, Travis Jankowski, akaugonga chini kuelekea besi ya tatu, ukarushwa besi ya kwanza, ikawa basi. Nikaandika 5-3, mkono ukitetemeka.

Usiondoke hapo. Hili nalisisitiza kwa wale wanaowahi treni. Yaliyofuata yalikuwa nusu ya siku. Wachezaji walitoka wakapanga mstari, meneja Mark Kotsay, ambaye naye aliwahi kuichezea timu hii, akashika kipaza sauti, akawashukuru watu, wafanyakazi wa uwanja na waliotangulia, kisha akaongoza mara ya mwisho wito wa kuishangilia Oakland. Mtu mzima aliyekaa mbele yetu, mwenye ndevu nyeupe, alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Mwanangu akampa chupa yake ya maji bila kuambiwa na mtu.

Baadaye watunza uwanja walianza kugawa udongo wa uwanjani kwa waliosogea kwenye uzio. Tulisogea. Nilinyoosha kikombe cha plastiki cha soda, nikapewa udongo mwekundu-kahawia, kiasi cha konzi moja. Hatukutoka hadi walinzi walipotuomba kwa upole.

Jioni tulimkuta mzee barazani, redio imezimwa. Nikamwekea kikombe mezani. Hakukigusa. Aliomba kadi, akavaa miwani, akaisoma awamu moja baada ya nyingine bila kusema neno. Kwenye awamu ya nne alisita. Nilikuwa nimeruka kisanduku kimoja. Nikamweleza kilichotokea, akaniomba penseli, akakijaza. Alipofika kwenye ile 5-3 akauliza watu walikuwa wangapi. Nikamwambia. Akaiandika idadi chini ya ukurasa, kwa herufi za taratibu, akaweka tarehe, kisha akavuta kiti kingine na kumwita mwanangu aketi.