Usafi wa kawaida wa madirisha: fundi asafishe nini, na nini atoze pembeni

Mkuu, umelipia madirisha 14 ya alumini, nyumba ya ghorofa moja Mbezi Beach. Fundi amefuta vioo vikang'aa, nyavu na reli kaziacha na vumbi lake, halafu anadai hizo ni "kazi ya ziada". Matone ya simenti ya tangu ujenzi nayo hakuyagusa. Unauliza nani ana haki. Kwa kifupi, kwenye nyavu na reli umepunjwa. Kwenye simenti fundi yuko sawa.

Mpaka ni mmoja, na mkikubaliana nao kabla kazi haijaanza hamtagombana. Uchafu uliokaa tu juu ya kitu ni wa usafi wa kawaida: vumbi, chumvi ya bahari, utando wa buibui, alama za vidole, moshi wa jikoni, kinyesi cha ndege. Uchafu ulioshika kioo, au ulioanza kukila, ni kazi nyingine yenye bei yake: rangi, simenti, silikoni, gundi ya stika, madoa meupe ya maji ya kisima. Huo hautoki bila wembe au asidi, na vyote viwili vinaweza kuharibu kioo.

Ila usafi wa kawaida hauishii kwenye kioo. Unachukua pia kila kitu kitakachokirudishia kioo uchafu wiki hiyohiyo. Huku pwani wavu wa mbu uko mbele ya kioo mwaka mzima. Mvua ya kwanza yenye upepo inapita kwenye wavu wenye vumbi na kulimwaga lile vumbi kwenye kioo kikiwa bado kinang'aa. Kwa hiyo hesabu ya dirisha moja ni kioo pande mbili, fremu, wavu, reli pamoja na matundu yake ya maji, kingo ya chini, na grili. Fundi anayetaja bei ya "dirisha" bila kusema hayo anatakiwa kuulizwa kabla hajashusha ndoo.

Kazi inaanza kikavu. Pazia zinasogezwa na kufungwa fundo, kitambaa kinatandikwa sakafuni, nyavu zinatolewa. Kila wavu uandikwe namba kwa penseli kwenye fremu yake, na namba hiyohiyo iandikwe kwenye dirisha. Ukiona fundi anazirundika zote kibarazani bila alama, mzuie. Mafundi alumini wetu hupima dirisha moja moja, na tofauti ya milimita tatu inatosha wavu ugome kurudi, ulazimishwe, ule mpira mwembamba unaoushika pembeni uchomoke, na mbu wapate mlango. Wavu unalazwa bapa, unasuguliwa kwa brashi laini na maji ya sabuni pande zote mbili, unasuuzwa kwa maji ya kawaida, kisha unasimamishwa kivulini hadi ukauke. Mashine ya presha hapana. Inaulegeza wavu katikati na hauvutiki tena. Na ukirudishwa ukiwa mbichi, unadondosha matone kwenye kioo kilichokwisha kufutwa.

Grili haihitaji maneno mengi: brashi kavu, kisha kitambaa chenye unyevu, kuanzia juu. Ikiwa na kutu, fundi aseme mapema, kwa sababu maji ya kutu yakitiririkia kwenye kingo nyeupe yanaacha michirizi. Kukwangua kutu na kupaka rangi si kazi yake.

Reli ndiyo sehemu inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoleta hasara. Dirisha la kuteleza lina mifereji miwili au mitatu chini, na kwenye mifereji hiyo kuna matundu madogo yanayotoa maji ya mvua nje. Yakiziba kwa mchanga na mabawa ya kumbikumbi, maji ya masika yanajaa kwenye reli na kumwagikia ndani, na mwenye nyumba anamlaumu fundi aliyefunga madirisha. Reli isimwagiwe maji kwanza. Vumbi kavu likikutana na maji linakuwa tope, na tope linajikusanya palepale kwenye tundu. Kwanza mchanga unatolewa kwa brashi ya rangi ya inchi moja, au kwa mashine ya kunyonya vumbi yenye mdomo mwembamba. Halafu kijiti au waya laini kwenye kila tundu. Baada ya hapo ndipo kitambaa chenye unyevu kilichoviringishwa kwenye bisibisi bapa kinapita kwenye kona. Mwisho jaribio: mimina glasi moja ya maji kwenye reli na utazame nje. Yakitoka, kazi imekamilika. Yakisimama, tundu bado limeziba, au halikutobolewa kabisa siku dirisha linafungwa, jambo ambalo si geni. Pia mkatalie fundi anayepaka grisi au mafuta ya kupikia ili dirisha liteleze. Litateleza siku tatu, kisha vumbi litaganda humo na magurudumu yataanza kusaga.

Sasa kioo chenyewe. Huku kwetu kosa kubwa ni kukifuta kikiwa kikavu. Kwenye nyumba za karibu na bahari, kioo cha nje kina utando wa chumvi uliochanganyika na mchanga laini, na kitambaa kikavu kinaugeuza kuwa msasa. Mikwaruzo hiyo huioni asubuhi ile. Unaiona jioni jua linapopiga kwa ubavu. Kwa hiyo upande wa nje unamwagiwa maji kwanza, ndipo sabuni ifuate.

Sabuni iwe ya maji, ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 10. Kijiko kimoja tu, mkuu. Sabuni ikizidi inaacha ukungu unaoonekana kama kioo hakijaoshwa, na vumbi linaushika haraka. Sabuni ya unga isitumike, maana punje zake haziyeyuki zote. Maji yakishakuwa na rangi ya chai, yabadilishwe.

Kioo kinasuguliwa chote kwa sponji au brashi ya kitambaa, kona na kingo zaidi ya katikati, kisha maji yanavutwa kwa kifutio cha mpira, ile skwiza ndogo ya vioo, si ile ya sakafuni. (Umbo la skwiza ya leo, yenye mpira mmoja mwembamba, alilibuni Ettore Steccone, Mtaliano aliyefuta madirisha Oakland, California, mwaka 1936, na haijabadilika sana tangu hapo.) Ya sentimita 35 inafaa madirisha mengi ya nyumbani, na ya 25 ni kwa vioo vidogo. Anza kwa kukausha ukanda wa sentimita mbili juu kabisa kwa kitambaa, ili mpira uanzie pakavu. Vuta kutoka juu hadi chini bila kusimama, futa mpira, kisha mvuto unaofuata upande juu ya uliopita kwa sentimita tatu hadi tano. Mwisho kitambaa cha maikrofaiba kikavu kinapita kwenye kingo nne, na hakirudi katikati.

Michirizi ina lugha yake. Mstari mmoja mwembamba, ulionyooka na unaojirudia kila mvuto, maana yake mpira una pengo. Ugeuzwe au ubadilishwe. Ukungu wa mawimbi ni sabuni nyingi. Alama za matone yaliyokauka kabla hayajavutwa maana yake kioo kilikuwa cha moto, na ndiyo sababu upande wa mashariki haufai kufanywa saa tatu asubuhi. Fundi mzuri anaizunguka nyumba akikimbia jua: asubuhi upande wa magharibi, mchana na jioni upande wa mashariki. Matone yakijitokeza pembeni dakika moja baada ya kufuta, mpira wa fremu umeshika maji, kwa hiyo ubonyezwe na kitambaa. Kuhusu gazeti, linafuta kweli, ila wino wake unachafua mipira ya kijivu na fremu nyeupe. Kwa kioo cha bafuni si neno. Kwa kazi ya kulipwa, hapana.

Maji nayo yana maneno yake. Maji ya visima vingi vya Dar na Mombasa yana chumvi, na tone likikauka kwenye kioo linaacha duara jeupe. Kwa kusuuzia upande wa nje tumia maji ya bomba yasiyo na chumvi, au ya mvua yaliyotuama kwenye tangi na kuchujwa kwa kitambaa. Maji ya mvua karibu hayana madini, na wenye tangi la mvua wamekaa na dawa nzuri ya vioo bila kujua. Kampuni zenye fimbo ndefu zinazopitisha maji yaliyochujwa hazivuti kwa mpira kabisa. Maji yanaachwa yakauke yenyewe. Hapo muombe fundi akuonyeshe kipimo cha madini. Kikisoma zaidi ya 10 (yaani sehemu 10 za madini kwa milioni ya maji, ppm), fimbo hiyo itakuachia madoa yaleyale ya kisima.

Madoa meupe yaliyokwisha kukaa ni kazi ya pembeni, lakini hayo mepesi unaweza kuyajaribu mwenyewe. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha karatasi ya jikoni, ibandike juu ya doa dakika tano hadi kumi, sugua, suuza vizuri. Kingo ya terazo au marumaru ifunikwe kwanza kwa plastiki, maana siki inaila. Doa likigoma mara mbili, limeshaingia kwenye kioo na linataka kung'arishwa kwa unga maalumu. Usikubali fundi atumie dawa kali ya chooni. Asidi yake inababua alumini, inakula plasta, na mvuke wake si wa kupumulia chumbani.

Simenti na rangi ni wembe, na hapa ndipo unapoelewa kwa nini fundi wako aliogopa. Wembe uwe mpya, kioo kiwe kimelowa sabuni, ulazwe karibu na kioo kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, usukumwe mbele tu. Ukiurudisha nyuma, punje ya simenti iliyonaswa chini yake inachora. Kioo kilichoimarishwa kwa moto, ambacho mara nyingi kina muhuri mdogo kwenye kona, kinaweza kuwa na chembe za kiwandani zilizoganda juu yake. Wembe ukizing'oa unaziburuta na kuacha mikwaruzo dirisha zima. Ndiyo maana anayejua kazi hujaribu kona moja kwanza, na huomba ridhaa yako kwa maandishi. Kwenye kioo chenye tinti ya kubandika, upande wenye tinti wembe haugusi. Utaitambua kwa kutazama ukingoni, ambapo karatasi huishia milimita moja au mbili kabla ya fremu. Tinti mpya iachwe siku 30 kabla ya kuoshwa, na dawa za vioo zenye amonia zisitumike juu yake.

Wenye madirisha ya luva, hesabu yenu ni kwa kipande, si kwa dirisha. Vioo vinafunguliwa hadi vilale karibu bapa, kila kimoja kinafutwa juu na chini kwa kitambaa kilicholowa mkono mmoja na kikavu mkono mwingine, kuanzia kipande cha juu. Kukichomoa kila kipande kunavutia, lakini vishikio vya alumini vikishakunjwa mara kadhaa vinakatika, na vya kubadilishia vinasumbua kupata. Kichomolewe pale tu mafuta ya jikoni yamekataa kutoka.

Kwa nyumba yenye ghorofa, ulizeni mapema vioo vya nje vya juu vitafikiwaje. Grili ikiwa ndani na haifunguki, kioo hakitolewi kwa ndani, kwa hiyo ni fimbo au ngazi. Ngazi isiegemezwe kwenye kioo wala kwenye mfereji wa bati, na kwa kila mita nne za kimo mguu wake uwe mita moja kutoka ukutani. Fimbo ya alumini yenye maji karibu na nyaya za TANESCO zinazoingia nyumbani ni kifo. Dirisha lililo karibu na waya lifutwe kwa ndani tu, au liachwe, na bei yake ikatwe. Majengo marefu ni kazi ya watu wa kamba na mikanda waliofunzwa. Kwa Tanzania sheria ya usalama kazini ya mwaka 2003 inambana mwajiri wao, na kwa Kenya ni ile ya 2007.

Siku ya kukabidhiana, msitazame vioo mkiwa mbele yake. Simameni pembeni mtazame kwa ubavu, na jioni mrudie upande wa magharibi. Vuta kila dirisha, pitisha kidole kwenye kona ya reli, shika wavu uone umekaa.

Kwa hayo madirisha 14, mpigie arudi afanye nyavu, reli na matundu bila malipo ya ziada. Mwambie afute upya na vioo vya nje, kwa sababu vumbi la nyavu litavirukia. Simenti ombeni bei yake kwa kipande, aanze na dirisha la stoo, mlitazame jioni, ndipo aendelee na mengine.