Kampuni haitakulinda kama warithi wote hawajasaini

Mkuu, umeuliza kama usajili kampuni kwanza ndipo ununue hiyo nyumba ya urithi Tandika, ili ukishtakiwa usiguswe wewe binafsi. Umesema pia watoto wa marehemu ni wanne, watatu wako tayari, wa nne yuko Oman na "kakubali kwa simu". Mimi nanunua nyumba za zamani Temeke, nazikarabati na kuzipangisha. Anza na huyo wa Oman, kampuni baadaye.

Kampuni inakinga mali zako nyingine. Mpangaji akiangukiwa na ukuta akadai fidia, deni ni la kampuni, gari lako halikamatwi. Hapo ina faida. Lakini kesi zinazowamaliza wanunuzi huku kwetu ni za umiliki: mtu anaibuka na kudai nyumba haikuuzwa kihalali. Akishinda, nyumba inaondoka, iwe na jina lako au la kampuni. Na anayeibuka karibu kila mara ni mtu ambaye hakuwepo siku ya kusaini. Mke, mtoto wa nje, benki.

Kuna nyumba niliinunua kwa msimamizi wa mirathi. Mbali na fomu ya mahakama ya mwanzo iliyomteua, nilitaka muhtasari wa kikao cha ukoo, na kwenye mkataba kila mrithi aandike jina kwa mkono wake, asaini, aweke dole gumba pembeni ya picha yake ya pasipoti. Mzee mmoja wa familia alikasirika, akaona nawadharau. Nikamtaka radhi, ila sikulegeza. Hela ikapitia benki, kwenye akaunti ya mirathi. Baadaye mmoja wa warithi akafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akisema nyumba ya baba yao iliuzwa kwa siri. Wakili wangu akatoa ule mkataba. Dole gumba lake lilikuwepo ukurasa wa tatu, na sura yake. Hakuendelea. Ugomvi wake ulikuwa na msimamizi juu ya mgao, na huenda alikuwa na haki, lakini mgao hudaiwa kwenye mirathi.

Kwa hiyo huyo wa Oman aende ubalozi wetu Muscat, asaini hati ya kumpa mtu mamlaka ya kumwakilisha kwenye mauzo hayo. Asipotaka, usitoe hata arubuni. Nenda pia mwenyewe kwa karani wa mahakama uulize kama faili la mirathi lina pingamizi, usiishie kwenye nakala anayokuletea dalali. Na hati ikiwa bado na jina la marehemu, ihamie kwanza kwa msimamizi ndipo ije kwako. Anayekwambia mtairuka hatua hiyo, mkimbie.

Muuzaji akiwa hai, hangaika na mwenza wake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza, hata kama hati ina jina moja. Kiapo cha kwamba hana mke usikiamini peke yake: kifungu cha 160 kinasema waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi, watu wakiwajua kama mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Uliza mjumbe, uliza mama wa genge jirani. Hao wanajua nani analala humo.

Upekuzi kwa Msajili wa Hati fanya mara mbili, kabla ya arubuni na tena siku ya kumalizia malipo, maana rehani au zuio linaweza kuingia katikati. Muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi tu, haukupi umiliki. Ushuru wa stempu ulipe mapema, mkataba usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi. Na karatasi zote, hadi risiti za benki, zitunze: muda wa kudai ardhi kisheria ni miaka 12.