Kabla ya kuilaumu saruji, chungulia mchanga

Msomaji wa Sahare, hapa Tanga, ameniandikia kwamba lenta ya nyumba yake, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, imepasuka kwa urefu na kutu inachuruzika ukutani, na nyumba haijamaliza hata miaka mitano. Anauliza kama aliuziwa saruji feki. Ndugu yangu, uliza kwanza mchanga ulichotwa wapi.

Zege ni punje ngumu zilizoshikwa na gundi. Gundi ni saruji na maji. Punje ni mchanga na kokoto, ambazo peke yake huchukua asilimia 60 hadi 75 ya ujazo. Ufa ukianza kwenye saruji iliyoganda na kukutana na kokoto ngumu, hulazimika kuizunguka, na huko kuzungushwa ndiko kunakoupunguza kasi. Ila kokoto yenye vumbi haishikiki. Vunja kipande cha zege la namna hiyo: kokoto inachomoka nzima, inaacha kishimo laini chenye ungaunga ndani. Lililoshikana vizuri huacha kokoto ikiwa na saruji iliyong'ang'ania mgongoni.

Mchanga upime kabla gari halijamwaga. Chupa ya lita moja, mchanga nusu, maji hadi karibu na shingo, kijiko cha chumvi, tikisa sana, acha saa tatu. Tope litajipanga juu. Mchanga ukiwa na kimo cha sentimita 10 na tope likazidi milimita 8, uoshwe au urudi ulikotoka.

Mchanga wa ufukweni usiguse kabisa zege lenye nondo, hata uwe wa bure. Chumvi yake hula nondo, kutu huvimba kuliko chuma kilicholiwa, zege linapasuliwa kutoka ndani.

Kwa mfuko wa kilo 50 weka ndoo tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto, ndoo za lita 20. Changanya kokoto za nusu inchi na robo tatu, ndogo zijaze mianya ya kubwa. Maji lita 25, yasizidi 27. Mchanga ukiwa umelowa, punguza maji. Hapa ndipo vijana wanapoharibu kazi! Zege likiwa zito kwenye koleo, wanaongeza ndoo ya maji. Maji hayo yakikauka yanaacha vinjia, na chumvi ya upepo wa bahari inapita humohumo kufuata nondo. Ifunike nondo kwa zege la sentimita 4 au zaidi, mwagilia siku 7 ukiwa umefunika magunia yaliyolowa.

Na wewe wa Sahare: egemeza ukuta kwa mirunda kwanza, kisha bomoa zege lililolegea hadi nyuma ya nondo. Kama mchanga ulikuwa wa baharini, usizibe kiraka, kwa sababu kutu itaanza tena pembeni yake. Itoe lenta yote, weka nondo mpya, umwage upya.