Maswali na Majibu: Viwanda vya Magari Vikipunguza Kazi, Injini za Boti Zitatoka Wapi?

Barua kadhaa zimeuliza, kila moja kwa namna yake, kama habari za viwanda vya magari kupunguza uzalishaji zinapaswa kumtia wasiwasi mwenye boti. Nimezifupisha, na ninazijibu kwa zamu.

Boti yangu ina MerCruiser ya petroli. Fundi ameniambia kwamba kiini cha injini hiyo ni Chevrolet. Inawezekanaje? (Msomaji, Mombasa)

Fundi wako amesema kweli: MerCruiser ni chapa ya Mercury Marine, na Chevrolet ni chapa ya General Motors. Kampuni nyingi zinazouza injini za petroli za ndani ya boti hazisubu bloku zao wenyewe, yaani kiini cha chuma chenye silinda, kwa kuwa tanuri, kalibu na mitambo ya kuchonga chuma hugharimu fedha ambazo soko la boti peke yake huchukua miaka mingi kuzirudisha. Kwa miongo kadhaa MerCruiser, Volvo Penta, Indmar na Pleasurecraft zilinunua kutoka General Motors injini kama V6 ya lita 4.3, V8 ya lita 5.7 na V8 kubwa ya lita 8.1, ambazo zilibuniwa kwa ajili ya magari, pikapu na malori. Kisha zilizifungia ekzosi zinazopozwa kwa maji, pampu ya maji ya bahari, gasketi zisizoliwa na chumvi na vifaa vya umeme vya majini. Hata katika mwaka wa neema, boti mpya za Marekani zenye injini za namna hiyo zilikuwa makumi ya maelfu tu, ilhali mwaka 2007 Wamarekani walinunua magari yapatayo milioni 16. Mnunuzi mdogo kiasi hicho hapangi ratiba ya kiwanda, hupangiwa.

Kiwanda cha magari kikisimama miezi miwili, je, ni lazima boti zikose injini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Si lazima, na mifano miwili ya karibu inaonyesha kwa nini. Mwaka 2009 mauzo ya magari Marekani yalishuka hadi milioni 10.4 hivi, na tarehe 1 Juni General Motors iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Mtu angetarajia uhaba mkubwa wa injini za boti, lakini wanunuzi wa boti nao walikuwa wametoweka, kwa kuwa boti ya starehe ndiyo ya kwanza kuachwa familia inapokosa mkopo. Injini chache zilizotengenezwa zilitosha.

Mwaka 2020 mambo yalikwenda kinyume. Tarehe 18 Machi General Motors, Ford na Fiat Chrysler zilitangaza kufunga viwanda vyao vya Amerika Kaskazini kwa sababu ya korona, na kazi ilianza kurejea tarehe 18 Mei. Katika msimu huohuo watu waliozuiwa kusafiri walikimbilia maji, na boti mpya za injini zilizouzwa Marekani mwaka huo zilizidi 300,000, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 2008. Halafu ukaja uhaba wa chipu, vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyoendesha kompyuta za injini. Kampuni za magari zilikuwa zimefuta oda zao za chipu wakati wa kufunga, na viwanda vya chipu vikaigawa nafasi hiyo kwa watengenezaji wa kompyuta na simu. Magari yaliporudi yalikuta foleni, na kompyuta za injini za boti zikawa nyuma zaidi katika foleni hiyohiyo. Boti zilizokamilika kila kitu zilikaa katika nyua za viwanda zikisubiri injini au kifaa kimoja cha umeme.

Kwa hiyo, ukisikia kiwanda cha magari kimesimama, uliza kwanza boti zinauzwaje. Kusimama kwa muda huumiza pale tu ambapo mahitaji ya majini hayakusimama pamoja nako.

Nina boti yenye injini ya lita 8.1 ya mwaka 2007. Kwa nini iliachwa, na nifanye nini nayo? (Msomaji, Houston)

Ndugu yangu, hilo ndilo jambo linaloniumiza zaidi katika biashara hii. Injini ya lita 8.1, iliyosubiwa kwa chuma kizito na kutengenezwa Tonawanda katika jimbo la New York, iliingia katika pikapu nzito za General Motors mwaka 2001. Majini ilipendwa sana, kwa kuwa ilisukuma boti kubwa kwa mizunguko ya chini bila kulalamika. Katika magari, hata hivyo, ilibanwa na Duramax, dizeli ya General Motors yenyewe, upande mmoja na V8 ya lita 6.0 upande mwingine, na bei ya petroli ya mwaka 2008 ikammaliza mnunuzi aliyebaki. Mwaka 2009 uzalishaji ulikoma. Wenye boti walikuwa bado wanaitaka, lakini mahitaji yao hayakutosha kuubakiza hai mstari mzima wa uzalishaji.

Ilinganishe na V8 ya zamani ya lita 5.7. Hiyo iliondoka katika magari mapya ya General Motors mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini iliendelea kutengenezwa Toluca, Mexico, kwa ajili ya boti, mitambo ya viwandani na mafundi wa kufufua magari. Wateja wa nje ya magari walikuwa wengi, kwa hiyo iliishi.

Baada ya somo hilo kila kampuni ilichagua njia yake. Mercury Marine ilibuni bloku zake yenyewe huko Fond du Lac, Wisconsin: V6 ya lita 4.5 ilitoka mwaka 2014, ikafuatiwa na V8 ya lita 6.2. Indmar iligeukia V8 ya Ford ya lita 6.2. Volvo Penta ilibaki na General Motors na kupokea kizazi kipya cha bloku za alumini, ambazo hazifai kupozwa moja kwa moja kwa maji ya chumvi. Kwa maoni yangu Mercury ilichukua njia ngumu kuliko wenzake, na ndiyo iliyo sahihi.

Kwako wewe, vitu vinavyochakaa kama pampu, plagi na gasketi bado hupatikana. Kinachoadimika ni bloku. Andika namba ya injini mahali salama, isafishe kwa maji yasiyo na chumvi kila utokapo baharini, na kama itapasuka usiitupe kabla fundi wa kuchonga injini hajaiona.

Sisi wavuvi tunatumia Yamaha Enduro ya HP 40. Haya yanatuhusu? (Msomaji, Pemba)

Kwa sehemu ndogo tu. Enduro ilibuniwa tangu mwanzo kuwa mashine ya kufunga nyuma ya boti, haina bloku ya gari ndani yake, na inatumia kabureta. Honda ndiyo tofauti: mashine yake ya nyuma ya boti, BF90, ina injini ya lita 1.5 ya ukoo mmoja na ile ya Honda Fit, na BF150 ya lita 2.4 ina ndugu yake katika Accord na CR-V. Bei ya Enduro kwenu hupandishwa zaidi na thamani ya shilingi na gharama za meli kuliko na ratiba ya kiwanda chochote cha magari.

Na dizeli je? (Msomaji, Tanga)

Dizeli kubwa za kazi hutoka kwa watengenezaji wa mitambo na malori, wala hazisumbuliwi sana na soko la magari madogo. Zile nyepesi ndizo za kuangalia. Yanmar 4LV imejengwa juu ya dizeli ya Toyota ya lita 2.8, ambayo wasomaji wetu wanaijua katika Hilux na Prado, na 8LV juu ya V8 ya lita 4.5 ya Land Cruiser. Volvo Penta D3 ilitokana na dizeli ya silinda tano ya Volvo Cars, kampuni ambayo imekuwa na mmiliki tofauti na wa Volvo Penta tangu ilipouzwa kwa Ford mwaka 1999, na ambayo mwaka 2024 iliacha kabisa kutengeneza magari ya dizeli. Upungufu wa muda hunipa wasiwasi mdogo kuliko uamuzi wa namna hiyo, kwa sababu kiwanda kilichosimama hufunguliwa tena, lakini injini iliyofutwa hairudi.

Alteneta ya injini yangu ya petroli haipatikani. Fundi anataka kufunga ya gari, maana zinafanana na inaingia vizuri. Nikubali? (Msomaji, Lamu)

Usikubali. Chini ya boneti ya gari upepo hupita na mvuke wa petroli huondoka. Katika boti mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutulia katika ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, palepale injini ilipo. Alteneta na stata za gari zina matundu wazi, na cheche za brashi zake zinaweza kuuwasha mvuke huo boti ikalipuka. Za majini hufunikwa kwa wavu au kuzibwa ili cheche isitoke, na nyingi hubeba alama ya SAE J1171, kiwango cha vifaa visivyoweza kuwasha mvuke ulio nje yake. Itafute kwenye kibao chake kabla ya kulipa. Ikibidi kungoja, chaji betri nyumbani na uende safari fupi, au mpelekee fundi wa umeme alteneta ya zamani aibadilishie brashi na beringi, kazi ambayo mara nyingi huwa rahisi kuliko kununua mpya. Pampu ya petroli na kabureta navyo ni vivyo hivyo: usifunge za gari hata kama bolti zake zinakubali.