Mulamu anataka duka langu kwa bei ya undugu

Shangazi, nauza robe, vikwembe na mikoba kwa WhatsApp na Facebook hapa Lubumbashi. Nimechoka na safari za kufuata mzigo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tena tunahamia Kolwezi. Mulamu wangu, dada ya bwana, anataka kuchukua biashara na kulipa kidogo kidogo. Bwana anasema kumdai ndugu ni haya, duka lenyewe ni simu tu. Nifanye nini? — Mama wa Katuba

Mama, kama ni simu tu, mulamu angeenda kununua simu. Anachotaka ni wale wanawake wanaokutumia M-Pesa kabla hawajaigusa robe. Imani hiyo umeijenga wewe, kila uliporudisha pesa saizi ilipokataa. Hata sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambao Kongo iko ndani yake tangu 2012, inahesabu wateja na jina la duka kuwa sehemu ya biashara inayouzwa. Taja bei.

Usiipime kwa mauzo. Toa pesa ya mzigo, usafiri, duane na mega za intaneti. Kinachobaki ndiyo faida. Mimi ningeanzia faida ya mwaka mmoja, halafu nishuke kidogo kwa sababu ya undugu. Mzigo uliobaki uhesabiwe kando, kwa bei uliyonunulia. Robe zilizolala tangu mwaka jana mwachie, usibishane. Madeni yakusanye mwenyewe kabla ya kuhama. Mulamu hatajua nani alikopa na nani anajifanya amelipa.

Kinachonitisha ni laini yako. Imeandikishwa kwa jina lako na M-Pesa yako imo humo. Mulamu akiitumia na kumdhulumu mteja, atakayetafutwa ni wewe. Achukue laini yake, nawe umtambulishe kwa wateja kwenye vikundi na statu kwa wiki kadhaa. Kwenye ukurasa wa Facebook mpe ruhusa ya kuchapisha na kujibu. Usimamizi wote aupate akimaliza kulipa.

Hiyo "kidogo kidogo" ipewe tarehe. Nusu leo, iliyobaki kwa miezi mtakayokubaliana, iandikwe kwa dola, nakala mbili. Noti zisiwe na mpasuko, unajua zinavyokataliwa mjini.

Naye ana haki ya kukudai ahadi: usifike Kolwezi ukafungua ukurasa mwingine na kuwavuta wateja walewale. Hilo nalo liingie kwenye karatasi, na bwana yako atie sahihi kama shahidi.