Sanduku la maoni limebaki tupu: nifanyeje?

Swali: Mimi ni muuguzi msimamizi wa wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya. Tumeweka sanduku la maoni, na uongozi ulimleta mwezeshaji wa semina ya ujasiri kazini, lakini sanduku liko tupu na wauguzi vijana hawathubutu kumwambia daktari neno hata wanapoona dozi imekosewa. Niwatie moyo kwa njia gani?

Jibu: Dada msimamizi, swali hili hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara limejengwa juu ya dhana kwamba anayenyamaza ni mwoga na dawa yake ni maneno ya hamasa. Dhana hiyo ni potofu. Mwaka 2005 nchini Uingereza, Elaine Bromiley aliingia chumba cha upasuaji kwa tatizo la kawaida la pua; alipokwisha kulazwa usingizi, hewa ikashindwa kupita, na madaktari wenye uzoefu wakaendelea kuhangaika kumwingizia mpira kooni. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo, na mwingine aliomba kitanda cha wagonjwa mahututi, kisha akalifuta ombi hilo kwa jinsi alivyotazamwa. Walijua lililopasa kufanywa, ila hawakupata namna ya kulisema likasikika, na mgonjwa alifariki siku kumi na tatu baadaye.

Kinachomfungua mtu kinywa ni yale aliyoona yakimpata mwenzake aliyesema kabla yake. Aliyesema mwezi uliopita akijibiwa "wewe umesomea wapi?", au akihamishwa wodi, habari hiyo huzifikia zamu zote kabla hakujapambazuka, na hakuna semina itakayoifuta. Kwa hiyo anza na daktari wa wodi na wewe mwenyewe. Wakati wa kupitia wagonjwa, aulizwe kwanza aliye mdogo kuliko wote kinachomtia wasiwasi, ashukuriwe kabla hoja yake haijapimwa, na apewe mrejesho hata kama wasiwasi wake haukuwa na msingi, hasa hapo. Kubalianeni pia sentensi moja inayomlazimu kila mtu kusimama, mathalani "Daktari, nina wasiwasi na usalama wa mama huyu, naomba tusimame kwanza", ili kijana aonekane anafuata utaratibu badala ya kumkosea heshima mkubwa wake.

Orodha hakiki ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani inataka kila mmoja ataje jina na kazi yake kabla ya chale ya kwanza, ili aliyekwisha kusikika mara moja asione tabu kusema tena. Ilipojaribiwa katika hospitali nane, mojawapo ikiwa Ifakara, matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Inaniuma kuikuta leo ikijazwa alama zote za vema ofisini, mgonjwa akiwa amekwisha kurudishwa wodini.

Linalonikera zaidi ni viongozi wanaojisifu kwamba hospitali yao haina taarifa za makosa. Mtafiti Amy Edmondson, akichunguza wodi za hospitali nchini Marekani katika miaka ya 1990, alikuta timu zenye uongozi bora ndizo zilizoandika makosa mengi zaidi, kwa kuwa watu wake hawakuogopa kuyataja. Anayewauzia semina ya siku moja bila kuuliza nani anafungua sanduku, nani anajibu, na aliyesema mara ya mwisho alitendewa nini, msimlipe.