Maswali yenu kuhusu namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana

Nilipoitaja 2^136279841 − 1 (yaani 2 zipatazo 136279841 zizidishwe pamoja halafu utoe 1), ambayo ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, maswali yakamiminika, haya najibu yaliyojirudia sana.

Ina ukubwa gani hasa?
Tarakimu 41,024,320. Ukiweka tarakimu 3,000 kila ukurasa unamaliza kurasa zaidi ya 13,000. Aliipata Luke Durant wa Marekani Oktoba 2024 kupitia mradi wa GIMPS, ule ambao watu wanajitolea kompyuta zao kuzisaka namba hizi. Iliyokuwa inaongoza kabla yake, ya 2018, ilikuwa na tarakimu 24,862,048, kwahiyo hapo tumeruka mbali sana.

Tarakimu yake ya mwisho mtu anaijua bila kompyuta?
Kabisa, na hiki ndo kitu nakipenda! Zidisha 2 kwa 2 mfululizo: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256... mwisho unajirudia tu 2, 4, 8, 6. Sasa gawa kipeo (ile 136279841) kwa 4, angalia 41 ya mwisho tu inatosha, inabaki 1, maana yake inaishia na 2, toa 1, jibu ni 1. Kalamu na karatasi tu.

Kwani kipeo kikiwa tasa si lazima jibu liwe tasa?
Hapana, wengi wananaswa hapa. 11 ni tasa lakini 2^11 − 1 ni 2047, yaani 23 × 89. Hata Mersenne mwenyewe, mtawa wa Ufaransa ambaye namba za aina hii zimepewa jina lake, mwaka 1644 aliiweka 2^67 − 1 kwenye orodha yake ya tasa, mwanahisabati Lucas akaja kuonyesha 1876 kwamba sio, bila hata kujua inagawanyika kwa namba gani, mpaka 1903 ndo Cole akatoa vigawo vyenyewe: 193707721 × 761838257287.

Sasa wanahakikishaje, wanajaribu kuigawa kwa kila namba?
Hiyo isingeisha milele. Kuna kipimo cha Lucas na Lehmer, tuchukue 127 ambayo ni 2^7 − 1. Anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa 127 ubaki na baki, rudia. Unapata 4, 14, 67, 42, 111, halafu 0. Hatua tano, yaani kipeo toa 2, na ukiangukia 0 hapo ni tasa bila ubishi. Namba ya Durant ni mchezo huohuo ila hatua ni zaidi ya milioni 136 na kila hatua unazidisha manamba ya mamilioni ya tarakimu, ndo maana inataka mashine za nguvu.

Inatumika kulinda siri mtandaoni?
Hii hapana. Kule zinatumika tasa za tarakimu mia kadhaa, na lazima ziwe siri, hii inajulikana na kila mtu.

Ndo ya mwisho?
Tasa hazina mwisho, Euclid alithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ila za aina hii ya Mersenne zinajulikana 52 tu, na kama nazo hazina mwisho mpaka leo hakuna aliyeweza kuthibitisha.